Haupatikani Nchini Kwako

Kibanda changu kipo Kirumba, ukuta kwa ukuta na mkaanga sato:
kompyuta moja, feni isiyo na kifuniko,
na bei kwa chaki: nyimbo ishirini, jero.
Miaka kumi na mitatu nawaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi
ndogo kama ukucha wa mtoto.
Moja iliokotwa ndani ya gunia la dagaa,
ikinuka ziwa, na ikapiga.

Wachuuzi wa Ukara huja na orodha nyuma ya pakiti ya sigara:
"ule wa yule anayelialia",
"ule wa harusi ya Bunda",
nami naujua. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuujua.
Mama mmoja wa Goziba alinipigia mluzi tu,
kipande kifupi, kikakwama kwenye pengo la jino.
Siku ya tatu nikaupata.
Alilipa kwa furu wakavu.

Januari akaja bwana wa kampuni, viatu vyeupe, barua yenye muhuri.
Akasema: wizi.
Neno likapanda kwenye feni, likazunguka nasi.

Sikumbishia sana.
Namjua Lushinge wa Nyakato:
wimbo wake ulipigwa na kila bodaboda, Buhongwa hadi Igoma,
naye kando ya barabara, kwa miguu,
akiusikia unampita.
Siku moja aliniomba nauli, macho chini. Nikampa elfu mbili.
Wimbo wake nilikuwa nimeuuza mara mia nne.

Basi nikafuta. Si zote.

Kisha usiku mmoja umeme umerudi saa nane,
natafuta hiki, nafunguliwa kile,
nikaliona jina la babu.
Kadogosa, mpiga zeze, herufi moja pungufu.
Wimbo wa palizi ya pamba, Magu.
Mgeni mwenye mashine ya mkanda aliuchukua
kwa kilo mbili za sukari na blanketi.
(Blanketi nalijua. Nimekulia chini yake.)
Nikabonyeza.
Kioo kikasema: *Haupatikani nchini kwako.*

Nchini kwangu!
Pamba ilipaliliwa wapi?
Kibuyu cha lile zeze kilitambaa juu ya paa la mama yake,
alikikata mwenyewe kikiwa bado kibichi, akachapwa.
Kumbe wimbo nao huhama,
ukanunuliwa suti huko, ukapewa bwana,
ukanyimwa ruhusa ya kuja hata msibani.

Nikamwandikia mtu nisiyemjua sura,
kijana wa Musoma anayekaa kwenye theluji;
miaka miwili tumebadilishana rumba za santuri zilizokwaruzika,
yeye hunitumia za kwake saa ninapofunga duka.
Alfajiri akaurusha.
Ulitua mwepesi kuliko picha ya harusi.

Nikaupeleka Kisesa kwa shangazi Milembe.
Alisikiliza akinipa mgongo, akichambua mchicha,
na mchicha ukaanza kuchambuliwa vibaya,
majani chini, vijiti sufuriani.
Dakika ya tatu mkanda ukakatika katikati ya neno.
Shangazi hakukatika.
Alilipokea neno pale pale lilipoangukia
akaingia ubeti ambao mashine haikuubeba:
mpaliliaji anamdai mwenye shamba ujira wake,
anamtaja kwa jina, kwa jina la baba yake,
hadi senti.

Simu ilikuwa mkononi. Sikubonyeza kitufe cha kurekodi.
Nilisema baadaye kwamba nilisahau.

Sasa kaunta yangu ina kopo la maziwa lililoandikwa LUSHINGE.
Wengine hutia mia, wengine hutia kifungo cha shati.
Bwana wa viatu vyeupe hajarudi.
Akirudi nitampa kiti, nitamzimia feni tusikilizane,
nimwulize kwa adabu:
huo ubeti wa mwisho,
kampuni inao?